Mto Pangani juu ya merikani: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya kwanza

Nimenunua merikani, kitambaa cha pamba, mita nne. Muuza duka akauliza ni ya shuka au ya nini. Nikamwambia ya kuchorea, akanitazama kama niliyemdanganya.

Mradi wenyewe: kuchora mdomo wa Mto Pangani bila kuchora mto. Hakuna mtumbwi, hakuna mnazi. Njia naiazima kwa mchoraji Helen Frankenthaler wa New York. Oktoba 1952, akiwa na miaka 23, alitandika sakafuni kitambaa cha pamba kisichopakwa praima (rangi ya kwanza ya kuziba kitambaa), akapitisha mistari michache ya mkaa, kisha akamimina rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Rangi haikukaa juu ya kitambaa, ilizama ndani. Picha hiyo, Mountains and Sea, ina karibu mita 2.2 kwa 3. Kiangazi kile alikuwa Nova Scotia, Kanada, akichora milima na bahari kwa rangi za maji, na baadaye alieleza kwamba alipoimimina ile kubwa, mandhari yale yalikuwa mikononi mwake.

Hilo la mikononi ndilo lililonikamata. Mimi ni mtu wa kufungua picha kwenye simu na kunakili jani kwa jani. Basi nimekwenda Pangani siku mbili, nimechora vipande kumi na kimoja vya rangi za maji nikiwa upande wa kivuko, na niliporudi Tanga nimevifungia kabatini pamoja na simu.

(Merikani, kwa wasiojua, ni jina la nchi. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Zanzibar kwa majahazi yao makubwa. Mchoraji wa Kimarekani na kitambaa cha Kimarekani wamekutana uani kwetu, mtaa wa pili kutoka sokoni.)

Wiki ya pili

Wiki ya aibu. Nimemwaga rangi kwenye kipande cha majaribio, ikasimama vitone vitone kama maji juu ya jani la myugwa. Kumbe merikani ya dukani imetiwa wanga. Nimeichemsha kwa sabuni kwenye sufuria la shughuli, nikaisuuza, nikaianika, nikairudia tena. Safari ya pili kitambaa kikalainika na kunywa.

Mama alikaa kwenye mkeka akiniangalia. "Ulivyokuwa mdogo nilikuchapa kwa madoa ya mabibo kwenye shati la shule," akasema, "leo unachemsha kitambaa kipate kushika madoa vizuri." Sikuwa na jibu. Lakini kwa kweli doa la bibo ndiyo maelezo bora ya mbinu hii kuliko yote niliyosoma: halikai juu ya shati, linakuwa shati.

Wiki ya tatu

Fundi cherehani kaunganisha pande mbili, nimepata mita mbili kwa moja na nusu. Nimeanza kwa rangi ya mafuta na tapentaini, kama Frankenthaler. Masika yakishakolea, Pangani huwa na rangi ya chai ya maziwa mpaka inapokutana na bahari, na mpaka wenyewe hautulii. Nikamimina hudhurungi kutoka kulia, samawati kutoka kushoto, nikainua pembe ya kitambaa ili zikutane zenyewe.

Zilikutana. Asubuhi nikakuta kila doa limezungukwa na pete ya manjano, mafuta yaliyotangulia mbele ya rangi. Kwenye picha zake za miaka ya 50 pete hizo zipo pia na zinapendeza. Kwangu zilifanana na shuka iliyomwagikiwa mafuta ya taa. Tena mafuta yakigusa pamba tupu huila polepole miaka ikienda. Yeye mwenyewe alihamia akriliki, rangi inayozimuliwa kwa maji, mwanzoni mwa miaka ya 60. Harufu nayo ilimpa Mama kichwa siku mbili, kwa hiyo mjadala umefungwa.

Wiki ya nne

Kitambaa kipya, akriliki, maji mengi, tone la sabuni ya vyombo. Sasa inakwenda. Kizuizi ni mshono tu: uzi wa nailoni haunywi, umeacha mstari mweupe katikati. Nilikasirika, kisha nikauacha, maana kila nilipoukwepa kwa jicho ndio ulionifanya nione pande mbili za mto.

Kilichonishangaza ni zambarau. Sikuipanga. Nilikuwa na bakuli la kusafishia brashi, maji yake yamechafuka, mkono ukalichukua ukayamwaga chini ya mshono. Nilipokuwa na miaka tisa tulivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kumzika bibi. Kilio sikikumbuki. Nakumbuka nimeinama ubavuni mwa kivuko, jua linazama, na maji yale ya matope yana wekundu wa ajabu. Katika vile vipande kumi na kimoja rangi hiyo haimo, nimefungua kabati kuhakikisha.

Siku hiyo hiyo kuku kapita juu ya samawati ikiwa mbichi. Nyayo tatu. Nimezifuta mbili.

Wiki ya tano

Kazi ya wiki hii ni kujizuia. Zaidi ya theluthi ya kitambaa ni tupu, na mazoea yangu yote yananiambia nijaze. Lakini katika Mountains and Sea pamba tupu ndiyo hewa ya picha, ukiiziba, zile rangi za waridi na kijani hazina pa kupumulia. Mwaka 1953 wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walikwenda kuiona studioni kwake, wakarudi Washington wakaanza kumimina na wao. Wageni wangu mpaka sasa ni watoto wa jirani, waliotaka kujua nani kamwaga.

Kimebaki kwenda kwa seremala kutafuta fremu, na kuamua upande gani uwe juu. Nimeitundika kwenye kamba ya kuanikia. Mama kaipita leo na ndoo yake, kasimama, kasema upande wa kushoto unamtia baridi. Sijaugusa.