Shajara ya malengo ya vijana kwenye simu: isipotee, wala isisomwe na kila mtu

Kitabu cha zamani cha malengo ya vijana, kile cha kujaza na kutiwa saini, kimeshaondoka. Mpango wa Watoto na Vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ulipoanza Januari 2020, kijana aliachiwa ajichagulie malengo katika nyanja nne zinazotokana na Luka 2:52: kiroho, kijamii, kimwili na kiakili. Uhuru mzuri, ila bila mahali pa kuandika, lengo la Januari halifiki Pasaka.

Kwa kata zetu (makusanyiko ya Kanisa ya mahali) hapa Uganda, tungeanza na Gospel Library, programu ya simu ya Kanisa yenye maandiko: ni ya bure na hata bando likiisha unaendelea kuandika. Fungua sehemu ya maandishi yako, tengeneza madaftari manne, moja kwa kila nyanja, na kila lengo lipate ukurasa wake. Juu kabisa andika lengo lenyewe kwa sentensi moja inayopimika. "Nitasali zaidi" halipimiki. "Nitasoma sura moja ya Marko kila jioni kabla ya kulala" linapimika, na kwa kuwa Marko ina sura 16, siku ya mwisho inajulikana tangu mwanzo. Chini yake, kila unapoandika, weka tarehe, ulichofanya, kilichokuzuia, na utakachobadilisha kesho. Sentensi tatu au nne zatosha. Wanaojilazimisha ukurasa mzima kila siku huchoka upesi.

Yanayoharibika mara nyingi ni mambo ya akaunti. Kijana huandika bila kuingia, maandishi yanabaki kwenye simu ile tu, ikiibiwa basi. Au huingia kwa akaunti ya mama, na mama husoma yote. Kila mmoja awe na akaunti yake, na nenosiri liandikwe kwenye karatasi inayokaa nyumbani, maana laini ya simu kwa kawaida ni ya mzazi na namba za kuthibitisha huenda kwake. Mkitumia simu moja watu watatu, usitoke kwenye akaunti kabla maandishi hayajapanda mtandaoni. Hakikisha kwa kuyafungua kwenye tovuti ya Kanisa kupitia kivinjari.

Wa bweni hawaruhusiwi simu shuleni. Hao watumie daftari la kawaida la kurasa 96, kisha likizoni wanakili muhtasari wa kila wiki. Kupiga picha kurasa ni haraka zaidi, lakini picha moja yaweza kula MB 3, wakati ukurasa wa maneno 300 ni kama KB 2 tu. Daftari lisitupwe hata baada ya kunakili: Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, na cha karatasi hakizimwi.

Sasa viongozi. Kundi la WhatsApp la "malengo yetu" ni wazo baya. Wanaofanya vizuri hujitangaza, walioteleza hunyamaza, na jambo la siri likishatumwa halirudi. Kiongozi anahitaji jedwali dogo tu: jina, nyanja, tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitia pamoja. Hata lengo lenyewe liandikwe humo kijana akitaka tu, na yaliyomo kwenye shajara yasiingie kabisa. Jedwali likiwa Google Sheets, funga ile ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo", na ingiza watu kwa barua pepe zao mmoja mmoja.

Hili si adabu tu. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inahesabu imani ya dini kuwa data maalumu, na kwa mtoto inadai idhini ya mzazi au mlezi. Pateni idhini hiyo kwa maandishi kabla jina la kwanza halijaingia kwenye jedwali, na kijana akihama kata, mstari wake kwenye jedwali ufutwe.