Bahasha ya kaki

Kutoka nyumba tuliyokuwa tumepanga mpaka shuleni nilikokuwa nafundisha ni kilima kimoja tu, tena kwa watu wa Lushoto kile si kilima cha kusimulia, watoto wa darasa la kwanza wanakipanda huku wanakimbizana. Mwaka 2012 nilikuwa nakipanda na kapu la madaftari begani bila kuwaza. Mwaka uliofuata nikaanza kupumzika mara moja, kwenye jiwe chini ya mkaratusi, alafu ikawa mara mbili, na ilipofika mwanzoni mwa 2014 nilikuwa napumzika mara tano, moyo unanidunda mpaka nausikia masikioni, na nikifika ofisini naweka kichwa mezani kabla hata sijasalimia wenzangu.

Uchovu ule sijui niuelezeje. Si ule wa kulima kutwa nzima ukilala unaamka umepona, huu unalala nao unaamka nao. Kuna asubuhi nilikuwa nakaa kitandani naliangalia sweta langu lilivyoning'inia kwenye msumari, hatua tatu tu, na naona ni mbali.

Nikaenda zahanati wakapima damu wakasema HB 8.1, mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu, mama damu imepungua kula mboga za majani. Mboga za majani! Mimi naishi Lushoto, kabichi na karoti na mchicha zinazopakiwa kwenye malori kwenda Kariakoo zinapita mbele ya mlango wangu. Lakini nikala, matembele nikala, juisi ya rozela nikanywa jagi kwa jagi, unga wa mlonge, bitiruti, mpaka matunda damu nikawa nakula kwa vile tu jina lake lina damu. Mama yangu akawa ananiletea maini kila Jumamosi kutoka buchani, ananikalia mpaka nimalize. Na vidonge vya madini ya chuma vile vinavyochanganywa na foliki nilimeza miezi na miezi, choo kinakuwa cheusi na tumbo linafunga, damu inapanda kidogo inafika 8 na pointi alafu inashuka tena.

Katikati ya hapo nilitibiwa malaria mara nne. Huku kwetu juu ni baridi, malaria si ya kila siku kama kule chini Mombo na Korogwe, lakini ukienda umechoka na kichwa kinauma unapewa dawa ya malaria. Taifodi mara mbili. Minyoo nimemezeshwa sijui mara ngapi. Ukimwi nimepimwa mara tatu na mara zote sina, ila hilo halikuwazuia watu kusema, maana nilikuwa nimekonda na macho yamekuwa na unjano fulani hivi, na mtaani mwanamke akikonda ugonjwa ni mmoja tu. Mama mkwe yeye kwanza alidhani ni mimba akafurahi, alafu ilipokuwa siyo mimba akaanza kusema kwa upole kabisa kwamba kuna mzee mmoja kule Bumbuli anaangalia mambo ya watu waliofungwa. Simlaumu, alikuwa ananipenda na alikuwa anatafuta kama mimi nilivyokuwa natafuta. Kilichoniuma zaidi ni mtumishi mmoja, simtaji wala wapi, alieniambia mwalimu kazi ya kukaa darasani inachosha nini, wewe una msongo wa mawazo. Nililia njia nzima siku ile, maana nilianza kuamini.

Mwezi wa nne nikaanguka darasani nikiwa naandika ubaoni. HB 5.6. Wakaniongezea damu chupa mbili, aliyechangia ni mdogo wangu na walimu wenzangu wawili ambao mpaka kesho nawaombea. Wiki kama tatu nikawa mtu, nikafua, nikapika, nikapanda kile kilima kwa kupumzika mara moja. Alafu ikaanza kushuka tena na hakuna aliyejua inakwenda wapi, maana choo walipima hakina damu, hedhi yangu ya kawaida tu siku nne, kizazi wamepiga picha hakina uvimbe.

Sasa kuna mambo mengine ambayo yalikuwa yananitokea na sikuwa nayasema, siyo kwamba nayaficha, ila niliona kila kitu kina sababu yake. Ulimi ulikuwa unaniwaka, nikila ndimu au pilipili machozi yananitoka, na ukiutazama kwenye kioo ulikuwa laini mwekundu unang'aa kama nyama iliyomenywa. Nikasema ni vidonge. Miguu ilikuwa na ganzi, kama nimevaa soksi nene muda wote hata nikiwa peku. Nikasema ni baridi ya Lushoto. Majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka miwili yalikuwa yananipotea. Nikasema ni umri, na nilikuwa na miaka 34. Siku moja nimetembea kutoka sokoni mpaka nyumbani ndo mtoto wangu ananiambia mama kandambili yako moja iko wapi. Nikaangalia chini, mguu wa kushoto uko peku na umechubuka na una tope, na mimi sikuwa nimehisi chochote, wala ilipovuka wala kokoto za barabarani.

Mwezi wa nane vipimo vikaonyesha siyo damu nyekundu peke yake, hata chembe nyeupe na zile za kugandisha damu zimeshuka, na daktari aliyekuwa ananiona akaniandikia rufaa ya kwenda Tanga mjini. Hakuniambia lakini niliisoma barua kwenye gari. Ameandika waangalie kama ni saratani ya damu, na ikibidi nitolewe uboho kwenye mfupa. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni kona juu ya kona, mume wangu amekaa pembeni yangu ananiuliza unajisikiaje namwambia sawa tu, huku barua nimeikalia nisije nikamuonyesha kabla hatujafika.

Kule wakanitoa damu asubuhi, daktari akaagiza itandazwe kwenye kioo iangaliwe kwa darubini na mtu, siyo mashine peke yake. Tukakaa kwenye benchi nje ya maabara. Saa nne, saa tano, saa saba. Walioletwa baada yangu wanaitwa wanaondoka. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nani atamlea mtoto na nani atamaliza kulipa mkopo wangu wa kikoba.

Saa nane na kitu akatoka mzee mmoja wa maabara, koti jeupe limefifia, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Badala ya kuita jina langu dirishani akaja mpaka kwenye benchi.

"Wewe ndiye mwalimu wa Lushoto?"

"Ndiyo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Hebu toa ulimi nje nikuone."

Nikautoa, pale pale kwenye benchi mbele za watu. Akautazama, akaguna. Akaniuliza, "Na miguu, haina ganzi?"

Yaani sikumjibu mara moja. Mwaka na nusu na hospitali nne na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya miguu. Mume wangu ndo akajibu, akamwambia ile habari ya kandambili. Mzee akasema, "Njoo uone kitu, mwanangu. Na hizo karatasi zako njoo nazo."

Nilikuwa na bahasha ya kaki imejaa vipimo vyote, natembea nayo kila ninapokwenda, imeshachakaa kwenye kona. Akaniingiza ndani, akaniweka kwenye kiti chake, akanielekeza nifumbe jicho moja. Mwanzoni nikaona mwanga tu, alafu akazungusha kitu kidogo pembeni na damu yangu ikatokea. Vidude vya rangi ya waridi vingi, vingine vya mviringo na vingine vimerefuka kama yai. Akasema hizo nyekundu zako ni kubwa mno, mwili unazitengeneza zinakua lakini hazikomai wala hazigawanyiki inavyotakiwa, nyingi zinafia humo humo kwenye mifupa kabla ya kutoka, ndo maana damu haitoshi na macho yanakuwa ya njano. Alafu akasogeza kioo taratibu akaniambia sasa hapo katikati pana chembe nyeupe, ina madonge ya zambarau yameungana kama shanga, yahesabu. Nikahesabu. Sita. Akasema ya mtu mzima wa afya yanakuwa matatu, manne, ukiona mengi hivi uliza habari ya vitamini B12. Akasogeza tena nikahesabu nyingine, ikawa na saba.

"Saratani je?" Ndo mara ya kwanza nalitamka hilo neno, mume wangu kasimama nyuma yangu.

"Sioni saratani hapa mwalimu. Naona njaa ya vitamini."

Alafu akamwaga bahasha yangu mezani. Akachagua zile karatasi za FBP, kile kipimo cha chembe zote za damu, zilikuwa tano, akazipanga kwa tarehe, akachukua kalamu nyekundu. Kwenye kila karatasi kuna mstari umeandikwa MCV, ambao ni ukubwa wa chembe nyekundu, kawaida isizidi 100. Yangu ya kwanza kabisa ni 109. Ya pili 112. Inaenda hivo mpaka ya asubuhi ile, 118. Na pembeni ya kila namba mashine yenyewe ilikuwa imeandika herufi H, kwamba iko juu. Tano zote. Mtu anayepungukiwa madini ya chuma chembe zake zinakuwa ndogo, siyo kubwa, kwa hiyo tangu siku ile ya kwanza karatasi ilikuwa inasema kwamba tatizo siyo chuma, na mimi nilikuwa natembea nayo kwapani. Kila aliyeishika alisoma HB akaishia hapo. Nilizitazama zile H tano alizozizungushia wino mwekundu na nikasikia hasira ambayo sikujua kama nina nguvu za kuwa nayo.

Mzee hakutuacha twende peke yetu kwa daktari, alibeba karatasi akatutangulia. Daktari, dada mdogo tu kwa umri, akagonga magoti yangu kwa kile kinyundo, akanigusa vidole vya miguu kwa chuma kinachotetemeka akaniuliza kama nasikia mtetemo, sikusikia mpaka alipofika juu ya kifundo. Akanieleza kwamba B12 inatoka kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa, na kwamba mimi sikuwa na upungufu wa kula, maini ya mama nilikuwa nayala vizuri tu, ila tumbo linatakiwa litoe kitu fulani cha kuibeba hiyo vitamini mpaka ifyonzwe kwenye utumbo, na langu yeye anaona limeacha kukitoa kwa sababu kinga ya mwili wangu inalishambulia. Vile vidonge vya foliki vilikuwa vinaipandisha damu kidogo, huku mishipa ya fahamu ya miguu inaendelea kuharibika kimya kimya. Akasema zamani kabla haijajulikana ni vitamini, huko Marekani miaka ya 1920 wagonjwa kama mimi walikuwa wanalishwa maini mabichi au ya kuiva nusu, karibu robo kilo kila siku, na ndo walikuwa wanapona, na madaktari waliogundua hilo walikuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1934. Nikamkumbuka mama yangu na sahani yake ya kila Jumamosi. Alikuwa karibu sana, mama yangu, kuliko wote.

Wakanitoa damu ya kupeleka Dar kupima kiwango, majibu yalikuja baada ya wiki mbili, 61 wakati inatakiwa isipungue 200. Lakini daktari hakungoja, alisema hii dawa haina cha kukudhuru na miguu yako haiwezi kusubiri. Nesi akavunja kichupa cha B12. Sikujua kama itakuwa na rangi. Ilikuwa nyekundu, nyekundu nzuri ya kung'aa kama rozela iliyochujwa, haijai hata kijiko, miligramu moja tu. Akanichoma, na nikawaza kwamba nimekunywa majagi mangapi ya kitu chenye rangi ile ile.

Tulilala kwa shemeji yangu pale mjini kwa ajili ya sindano za siku zinazofuata, moja kila baada ya siku moja. Siku ya nne usiku niliamka nikiwa na njaa. Njaa ya kweli, ya kutafuta chakula. Nikaenda jikoni nikakuta wali wa jana na dagaa, nikala nimesimama, na katikati ya kula nikashtuka kwamba nimetoka kitandani na kuvuka sebule yote bila kujishika ukutani.

Damu ilifika 12 kabla ya Krismasi. Miguu imerudi polepole, ilichukua karibu mwaka, na vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havijarudi vyote. Sindano nachoma kila baada ya miezi mitatu na nitachoma maisha yangu yote.

Siku ile tulipokuwa tunaondoka mzee wa maabara alitufuata mlangoni. Aliomba ruhusa akitunze kile kioo cha damu yangu, kwamba ana vijana wanakuja kujifunza na wengi hawajawahi kuona kitu kama kile. Nikamwambia kichukue mzee. Mwezi wa kumi na moja nilipoenda kliniki nilipita kumsalimia, akaniambia vijana kumi na wawili wameshakiangalia, na hakumwambia hata mmoja kuna nini, kila mmoja alimkalisha kwenye kile kiti akamwambia hesabu.