Banda la kuni la mama

Jana magharibi nilifunga kuti la mwisho. Mikono bado inanuka oili chafu na mgongo unauma, lakini leo baada ya sala ya alfajiri nimetoka tena uani kulitazama. Ni banda dogo, hatua sita kwa mbili, nguzo sita za mvinje na makuti juu. Hili ni la pili. La kwanza nililibomoa mwenyewe.

Yote yalianza masika ya mwaka juzi, nilipokuja Pemba kumtazama mama. Nilimkuta jikoni ameinama mbele ya mafiga, anapuliza. Kuni zilikuwa zinatoka povu kwenye ncha, na moshi umejaa hata dari haionekani. Alikuwa anapika uji tu. Anapuliza, anakohoa, anafuta macho kwa pembe ya kanga, anapuliza tena. Nilimnunulia jiko la gesi. Analitumia kwa chai na kwa mgeni wa ghafla. Wali wa nazi na mkate wa kumimina, unaotaka moto wa juu na wa chini, anasema ni vya kuni. Sikumlazimisha. Kama atapika kwa kuni, basi ziwe kavu.

Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto unaanza kwa kuyachemsha maji hayo, chungu kikisubiri, na kwa kuwa joto ni dogo moshi nao hauungui. Unapanda hivyo hivyo, unamwingia mpishi kifuani.

Banda la kwanza nililizungushia mabati pande zote nne, na mlango nikautia kufuli. Niliwaza mvua tu. Baada ya miezi miwili nilifungua nikapokewa na uvundo. Chini ya bati matone yamening'inia, kuni zimeota ukungu mweupe, na mchwa wamepandisha vijia vyao vya udongo mpaka safu ya tatu. Niliumia sana, kwa sababu kuni zile zilikuwa za mkarafuu wa babu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyobaki na karafuu. Sisi wa huku tumelelewa na miti hii. Ule wa babu ulikauka wenyewe kwa uzee. Hata hivyo mkarafuu haukatwi ovyo, tulikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Mama aliwahi kuupanda akiwa msichana, kuchuma. Siku ulipoangushwa alikaa ndani.

Ami alikuja kuangalia, akaokota ukuni mmoja, akaunusa.

"Mwanangu, wazifungia za nini? Kuni si mchele. Kuni zataka upepo."

"Ndiyo, ami."

Basi safari hii nimeujengea upepo kwanza. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, na ni kavu. Masika inaingia pamoja na kusi, upepo wa kusini, mvua inapigwa kutoka upande huo. Kwa hiyo nimeziba upande wa kusini peke yake, kwa makuti ya kumba, na kwingine kote wazi. Paa limeshuka kupita nguzo kiasi cha mkono mzima. Kuni hazikai chini: zinalala juu ya uchaga wa fito uliobebwa na matofali, shubiri mbili kutoka ardhini, ili mchwa akipanda nimwone na kumfagia.

Boriti za mikandaa, aina ya mikoko, zingedumu zaidi, najua. Lakini nimeona mikoko ya hapa kwetu inavyopungua, na ndiyo inayoshika ufukwe usiliwe na bahari. Nimenunua mivinje, nikazichoma ncha za kuingia ardhini na kuzipaka oili. Makuti nayo yatataka kubadilishwa baada ya miaka michache. Sawa, hayatoi jasho kama bati.

Uchaga niliutangulia Januari, kuni zikapata jua huku paa likingojea makuti. Nilizipasua zote, maana gome linazuia maji kutoka. Za mkarafuu zilizopona nilizisugua ukungu kwa makumbi, nikaziweka peke yake. Ukuni mmoja wa mwembe niliufunga uzi mwekundu na kuupima kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 3 na robo. Juzi umesoma kilo 2 na kidogo. Kichwani umepasuka nyufa kama za kisigino. Niliushika muda mrefu nikifikiria maji yote hayo yaliyoondoka, ambayo mama angeyapuliza.

Asubuhi hii nilipokuwa bado nimesimama pale, mama naye alitoka. Hakusema kitu. Alichukua vijiti viwili akavigonga, vikalia kwa sauti ya juu, kavu. Akavigonga tena. Halafu akanyoosha mkono kwenye safu ya juu, kule nilikozipanga za mkarafuu, na vidole vikaishia chini yake kidogo. Akaokota za mwembe, akaenda zake jikoni.

Naanza kuzihamisha sasa hivi. Za mkarafuu zinashuka chini, usawa wa kiuno chake, na za mwembe ndizo zitakazokwenda juu. Upande wa kusini kumeanza kufanya wingu.