Tangu gredi ya tatu

Nimeirudia kichwani hiyo Jumanne ya tathmini ya ulemavu mpaka imechakaa. Wengine wenu mlinipigia kuuliza ilikuwaje nikawajibu "salama tu". Salama yenyewe ndiyo hii.

Jumamosi tulimzika mjomba kule Subukia, mwenye nyumba amepandisha kodi, na mashine yangu ya kushonea imerudi kutoka kwa fundi ikiwa na mkanda mpya. Hayo yamepita. Kilichokataa kupita ni sauti ya mwanangu Wambo.

Mnajua tangu mwaka jana nahangaikia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kijana wa saiba alinijazia fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikapewa siku ya kufanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali. Akina mama wa kikundi walinitia moyo. Mmoja hutembea na Katiba ndani ya kibeti, akatusomea kifungu cha 260. Kumbe ulemavu si mguu na macho peke yake, ni pamoja na wa akili, hata ile hali ambayo sehemu kubwa ya jamii inaiona kwamba inamzuia mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Basi kwa kipimo cha majirani zangu wa Free Area, mimi nilifuzu zamani.

Sikufuata elfu mbili za mwezi za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza. Hizo ni za mwenye ulemavu mkubwa, wa kuangaliwa usiku na mchana. Msamaha wa kodi nao unagusa laki moja na nusu za kwanza za mshahara kila mwezi, na mimi laki moja na nusu nimeiona tu kwenye matangazo ya ploti. Ninachotaka ni ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Baraza lina mfuko unaosaidia watu kupata vifaa vya kazi, na bila kadi huna la kusema pale. Shosho, nyanya yangu, aliposikia alisema watu huenda hospitali kupona, si kuandikwa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Faili langu la kliniki lilikuwa wazi mbele yake: baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, dawa ya lithiamu, kulazwa mara mbili. Akaniomba ninyooshe mikono, akatazama vidole vinavyotetemeka. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Siku ugonjwa ukikulemea, mama, unaweza kujipikia?"

"Ndiyo, naweza."

Ilitoka yenyewe. Nimefunga kibanda nusu siku, nimelipa matatu ya watu wawili, nimekwenda kueleza kwamba kuna siku sijiwezi. Naulizwa kama sijiwezi, nakataa! Lakini mwanamke aliyelelewa na Shosho hamwambii mgeni kwamba jiko limemshinda. Afadhali useme una majini.

Wambo alikuwa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, anachora, maana shule zimefungwa na sikuwa na wa kumwachia. Hata kichwa hakuinua.

"Si mimi ndiye hupika?"

Daktari akamgeukia. "Unapika nini?"

"Ugali na skuma. Na mayai, kama yapo."

"Tangu lini?"

"Tangu gredi ya tatu."

Kalamu ikaandika.

Hiyo "kama yapo" ningeimeza na maji. Lakini gredi ya tatu? Yuko ya sita sasa. Kwa hesabu yangu mimi, mtoto alishika mwiko Aprili mwaka huu, ile wiki mbaya mnayoijua, na nilikuwa nimeanza kujisamehe hiyo wiki moja. Njia nzima ya kurudi nilibishana naye kimoyomoyo, yeye akihesabu pikipiki dirishani. Hawezi kuwa alipika, nilisema, alikuwa hafikii meko.

Usiku, nikiosha vyombo, nikakumbuka kreti.

Ni kreti ya soda, nyekundu, kazi yake kushikilia mlango usibamizwe na upepo. Mwaka ule nilikuwa naikuta jikoni. Naisukuma mlangoni, kesho iko jikoni tena, imepinduliwa. Nikamsema mpangaji mwenzangu kwamba anapenda kuhamisha vitu vya watu, tukanuniana mwezi mzima. Juzi nimeigeuza nikaiangalia vizuri. Kwenye kitako chake vipande vitatu vya plastiki vimeyeyuka vikashikana, kiduara, kiasi cha sufuria yetu ndogo. Alikuwa akishuka, kisha anatua sufuria palepale alipokuwa amesimama.

Alikuwa na miaka minane.

Lakini tulicheka pia siku hiyo, nisiwadanganye. Daktari aliniuliza upya, kwa upole zaidi, na safari hii nilisema. Nikamwambia habari za kaptura. Usiku mmoja wa Januari, siku ambazo kichwa kilikuwa kinakimbia na usingizi hautaki, nilikata kaptura sitini za shule, kitambaa cha kijivu cha mkopo. Nilikata nikiimba. Kulipokucha nikakuta vipande vyote, kila kimoja, ni vya mguu wa kushoto.

Daktari akainamia karatasi, mabega yanamcheza. Afisa wa mwisho wa meza, ambaye muda wote alikuwa kwenye simu, akaiweka chini.

"Na viko wapi sasa?"

"Viko kwenye gunia. Natafuta mteja."

"Tunapangusia meza," akasema Wambo, na hapo hata mimi nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka machozi, na sijui sawasawa machozi yale yalikuwa ya nini.

Sahihi zimewekwa, fomu imepanda juu, tunangoja. Kama nitapewa, nitakuwa nimepewa kwa ushahidi wa mtoto. Sijamuuliza kuhusu kreti. Nimeirudisha mlangoni, halafu nikaitoa tena, sasa iko katikati ya chumba na tunaikwepa sote wawili. Jana nilikaanga mayai. Nilitia chumvi mara mbili, akala, akanywa maji vikombe viwili, hakusema kitu.

Mpangaji mwenzangu bado sijamwomba msamaha.

Halafu kuna huyu mbwa wa mwenye nyumba. Hajabweka tangu Jumapili. Mnyororo uko pale, bakuli limejaa maji ya mvua, na nimeita langoni mara mbili asubuhi ya leo. Aliye upande wa barabara aniambie kama amemwona.