Ubao wa magego ya tembo: jino la tatu limekamilika

Elephas recki, tembo wa kale wa Afrika Mashariki aliyekwisha kutoweka, ametoka kwenye kalibu. Hili ndilo gego nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu bila yeye ubao huu usingeweza kuonyesha ninachotaka kionekane: tembo wa Afrika Mashariki walibadili chakula kwanza, meno yakaja kufuata baadaye sana.

Kwa anayeanzia hapa: ubao una urefu wa mita moja, na kila sentimita 10 ni miaka milioni moja. Mwanzo wake ni miaka milioni 10 hivi iliyopita, wakati nyasi za nchi za joto zilipoanza kuenea huku kwetu. Hewa ya ukaa ilikuwa imepungua angani, ukame umeongezeka, na nyasi hizo zinastahimili hali kama hiyo kuliko miti mingi. Misitu haikutoweka, ilikatikakatika, mbuga zikajipenyeza katikati.

Jino la kwanza ni la gomfotheri, jamaa wa kale wa tembo, fupi, lenye vinundu vya mviringo, zuri kwa majani na matunda. La pili ni la Stegotetrabelodon, tembo wa kale wa Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, mnyama aliyekuwa na pembe nne, mbili zikiwa kwenye taya la chini. Huyu tayari alikuwa mla nyasi. Tunalijua hilo kwa sababu nyasi hizo, sawa na mahindi na mtama, zina kaboni-13 nyingi kuliko majani ya miti, na enameli, ganda gumu la jino, huihifadhi alama hiyo kwa mamilioni ya miaka. Lakini tazama jino lake: bado ni fupi!

Mwaka 2013 Adrian Lister, wa makumbusho ya historia ya asili ya London, alilinganisha mambo hayo mawili. Tembo na jamaa zao walikuwa wameingia kwenye nyasi miaka milioni 8 hivi iliyopita, ilhali magego yalianza kurefuka kwa kasi karibu milioni 5. Kwenye ubao wangu hizo ni sentimita 30 za vizazi na vizazi vilivyotafuna nyasi kwa meno ya kula majani. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mradi huu. Hali ya hewa haikuufinyanga mwili moja kwa moja. Ilibadilisha malisho, mnyama akaamua kula kilichopo, na uamuzi huo ndio uliolisukuma jino.

Sasa kazi yenyewe. Gego la recki ni refu kwenda juu na limejaa mabamba membamba. Kila bamba lina ganda la enameli, ndani yake dentini, iliyo laini kuliko enameli, na kati ya bamba na bamba kuna saruji ya jino. Enameli nimeitengeneza kwa epoksi, kwingine kote nikajaza jasi, kisha nikasugua uso wa juu kwa msasa kwenda mbele na nyuma, jinsi taya la tembo linavyosaga. Jasi ililika upesi, epoksi ikabaki imesimama. Ukipitisha kidole unahisi matuta makali kama ya tupa. Yaani jino linajinoa kwa kulika kwake! Nyasi zina chembe za silika, na malisho ya chini huja na vumbi, kwa hiyo mlaji wake anahitaji matuta mengi na kimo kirefu cha kulika polepole.

Limebaki la tembo wa leo. Majani, matawi na magome yana nafasi kubwa kwenye chakula chake kuliko ilivyokuwa kwa recki, ila mabamba anayo bado. Utepe wa chakula unaopita chini ya meno, wa kijani kwa miti na wa manjano kwa nyasi, itabidi niuchanganye tena kijani kwenye sentimita za mwisho. Epoksi imeisha, nikipata nyingine naanza.