Siku Niliyokwenda Kutafuta Koti la Baridi

Nilipofika katika soko lile la nguo za baridi na bidhaa za kutoka ng'ambo, niliyageuza makoti moja baada ya jingine ili nione bitana, mishono, na lebo inayotaja sufu au poliesta. Koti lililojazwa manyoya ya bata ni jepesi, nalo huhifadhi joto kwa sababu hewa hunaswa katikati ya manyoya hayo, lakini likilowa, manyoya hushikamana na koti hupoteza uwezo wake wa kuhifadhi joto. Sufu, kwa upande wake, huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Nilichagua la sufu, zito kidogo, nikalijaribu juu ya sweta, nikainua mikono na kufunga vifungo vyote. Nililipenda mno. Glavu nilizipata karibu na lango.