Kidonda Kisichoshonwa

Kwa miaka 19 nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji hapa Kigoma, na mkono wangu umezoea jambo moja: ngozi ikipasuka, hushonwa. Ndiyo maana mwaka 2025, baada ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kutekwa na waasi wa M23 mwezi Januari na Bukavu kufuata Februari, nilipoombwa kusaidia kuwafundisha kutibu majeraha ya vita wauguzi 14 waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira na Fizi, ilinibidi kwanza nijifunze mimi mwenyewe kuuzuia mkono huo.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kuzuia damu, kwa kuwa majeruhi wengi ambao wangeweza kuokolewa hufa kwa kuvuja damu kabla hawajamwona daktari. Tulinunua mapaja ya mbuzi katika soko la Mwanga, tukayatoboa, tukapitisha ndani mpira wa dripu uliounganishwa na mfuko wa maji ya rosela, kisha kila mmoja akatakiwa kuyazuia maji hayo kwa shashi na vidole vyake. Karibu wote walianza kwa kuiweka shashi juu ya tundu, kama mtu anayefunika sufuria, na maji mekundu yakaendelea kutiririka mezani. Shashi hushindiliwa kwa kidole hadi chini kabisa, panapotokea damu, kisha mtu hukandamiza kwa uzito wa mwili wake bila kuchungulia. Mkanda wa kubana damu waliuelewa upesi: hufungwa kati ya jeraha na moyo, kamwe si kwenye kiungo kama goti au kiwiko, hukazwa hadi damu ikome, na saa ya kuufunga huandikwa mahali panapoonekana.

Ugumu ulianza siku ya tatu, tulipofika kwenye kidonda chenyewe. Risasi ya bunduki ya kivita haitoboi tu kama msumari. Inapopita hutanua nyama kwa ghafla na kuiua hata pembeni mwa njia yake, na huingiza ndani vipande vya nguo, udongo na uchafu. Ukishona juu ya nyama hiyo, umewafungia vijidudu nyumba isiyo na hewa. Madaktari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walilijua hilo kwa gharama kubwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyojaa samadi, ambako gangrini ya gesi, yaani kuoza kwa nyama kunakoletwa na vijidudu vya mahali pasipo hewa, iliua askari wengi. Kanuni iliyobaki ni hii: kata nyama yote iliyokufa, osha kwa maji mengi, kinga dhidi ya pepopunda, funika kwa bendeji nene, na uache wazi hadi siku ya nne au ya tano, ndipo ushone ikiwa ni safi. Uso ni miongoni mwa sehemu chache zinazoshonwa mapema, kwa kuwa una damu nyingi.

Nyama iliyokufa hutambulika kwa mambo manne: rangi yake, ulaini wake, kutojikunja inapobanwa na kibanio, na kutotoa damu inapokatwa. (Hapa mapaja yetu ya mbuzi hayakutufaa kitu, maana kwa kipimo hicho yote yalistahili kutupwa, na mama mmoja kutoka mji wa Baraka alituuliza kama sasa tungeruhusiwa kuyapika.)

Aliyenipinga alikuwa muuguzi mkongwe wa Fizi, ambaye wenzake walimwita Papa, yaani baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, «Mwalimu, kwetu kidonda kisichoshonwa ni aibu ya muuguzi. Ndugu wa mgonjwa watasema nimeshindwa kazi.» Sikuwa na jibu la kitabuni. Hata mimi ningekuwa na mtoto amelala pale ningetaka kuuona uzi. Jioni ile tuliacha mapaja na vibanio, tukakaa kutafuta maneno ya kuwaambia ndugu, na aliyeyapata alikuwa yeye: «Kidonda hiki kinapumua. Tutakishona siku ya tano, nanyi mtakuwapo.» Kwa maoni yangu, mafunzo yale yangekosa maneno hayo, nusu ya tuliyoyafundisha ingebaki Kigoma.

Miezi miwili baadaye Papa alinitumia ujumbe wa sauti. Kijana aliyepigwa risasi pajani alikuwa ameachwa wazi kama tulivyoelewana, lakini siku ya tatu wajomba zake walimchukua usiku wakampeleka kwenye zahanati nyingine, akashonwa nyuzi nane nzuri, zilizonyooka. Alirudishwa kwa Papa ana homa, na paja limevimba likitoa harufu. Papa alizikata nyuzi zile moja moja mbele ya wajomba, akaondoa nyama iliyoharibika, akaosha, akafunika, kisha akaanza kuhesabu upya tangu siku ya kwanza.